Pikapu ya zamani iliyobadilishiwa rimu na matairi: dalili, chanzo na tiba

Pikapu ikianza kusumbua wiki chache baada ya kuvishwa matairi makubwa, usianze kulaumu uzee wa gari. Anza na vipimo. Kipimo kimoja tu kikipishana na gari, kasoro hujitokeza mahali ambapo mwenye gari hakupatarajia: kwenye usukani, kwenye spidomita, kwenye breki, hata kwenye mafuta. Katika kila dalili hapa chini, chanzo kinachokutwa mara nyingi ndicho kimetangulia, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu unakuja kabla ya kazi kubwa.

Kabla ya yote, soma kilichoandikwa

Chukua tairi la 265/70R16 112S. 265 ni upana kwa milimita, ubavu hadi ubavu. 70 ni asilimia, na hapa ndipo wengi hukosea: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya ule upana, yaani milimita 185.5. R ni radiali, yaani nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 ni namba ya mzigo, kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Ukitaka kimo cha tairi zima, zidisha 185.5 mara mbili, jumlisha na 406.4 ya rimu (16 mara 25.4), utapata milimita 777.

Magari ya zamani yana maandishi ya aina nyingine pia. 31x10.50R15LT ni tairi lenye kimo cha inchi 31, sawa na milimita 787, upana wa inchi 10.5, rimu ya 15, na LT ni alama ya matairi ya magari mepesi ya mizigo. 7.50-16 ni upana wa inchi 7.5 kwa rimu ya 16. Kile kistari kilichokaa mahali pa R kinaonyesha nyuzi za ndani zimepita mshazari. 205R16 haikutaja asilimia, lakini ubavu wake ni kama asilimia 80 ya upana.

Rimu nayo ina vipimo vyake: kipenyo na upana (16x7), idadi ya bolti na duara linalopita katikati ya bolti hizo, ambalo mafundi huliita PCD (6x139.7), tundu la katikati (106.1), na ET, yaani umbali kutoka mstari wa kati wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu (kitovu cha ekseli ambacho gurudumu hufungwa). ET ikiwa chanya, gurudumu linaingia ndani ya gari. Ikiwa hasi, linatoka nje.

Kibandiko cha mlangoni kisikutoshe. Kwenye gari la miaka 25 na zaidi, ekseli nzima inaweza kuwa imetoka gari jingine, na kibandiko hakijui. Pima mwenyewe. Bolti zikiwa sita au nane, pima katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoikabili. Zikiwa tano hakuna inayokabiliana na nyingine, basi pima bolti mbili jirani, katikati kwa katikati, kisha gawa kwa 0.588. Ukipata takriban milimita 67, PCD ni 114.3.

Rimu haiingii, au inaingia lakini haikai bapa

Mara nyingi ni tundu la katikati. Hilux ya 4x4 ya Toyota na L200 ya Mitsubishi zote zina bolti sita za 139.7, kwa hiyo rimu zake zikiwekwa chini zinaonekana ndugu. Lakini tundu la Toyota ni milimita 106.1 na la Mitsubishi ni 67.1. Rimu ya L200 haitaipita habu ya Hilux. Rimu ya Hilux itaingia kwenye L200 bila kushikwa katikati, na hilo litakupeleka kwenye dalili ya mtetemo. Tundu dogo linaweza kupanuliwa kwa mashine ya kukereza, tena pale tu chuma kinachobaki kuzunguka matundu ya bolti kinapotosha. Anayelipanua kwa grinda ya mkononi anaharibu rimu, kwa sababu halitabaki duara wala halitakaa katikati.

Chanzo cha pili ni PCD zinazokaribiana, na hiki ni hatari zaidi kwa sababu rimu inaweza kulazimishwa ikaingia. Ford F-150 hadi toleo la 1996 ilikuwa na 5x139.7, kuanzia toleo la 1997 ikawa 5x135. Pikapu nzito za Marekani zenye bolti nane zilikuwa na 165.1, kisha Ford Super Duty ya 1999 ikaja na 170. Ukikaza nati ukaona bolti zinainama, au nati inakataa kushuka mkono mtupu, acha. Usimalizie na wilispana. Bolti iliyopindishwa hivyo huchoka na kukatika gari likiwa barabarani.

Cha tatu ni kalipa, kifaa kinachobana diski ya breki. Mtu akihamisha breki za diski kubwa kutoka gari jipya, rimu ya inchi 15 inaweza kugusa. Funga gurudumu bila tairi, lizungushe kwa mkono, na uhakikishe kuna nafasi ya milimita 3 au zaidi kila mahali. Kumbuka risasi za balansi, vile vipande vya uzito vinavyobandikwa ndani ya rimu: nafasi inapimwa zikiwepo.

Mwisho ni kutu na rangi. Piga brashi ya waya usoni mwa habu na nyuma ya rimu hadi chuma kionekane.

*Onyo lisilo na mjadala: rimu za inchi 16.5.* Pikapu nyingi nzito za Marekani za zamani zilikuwa na rimu za inchi 16.5, zikivaa matairi kama 8.75-16.5 na 9.50-16.5. Tairi la inchi 16 hupita juu ya rimu hiyo na huonekana kama limekubali. Halijakubali. Kitako cha rimu ya 16.5, pale tairi linapokalia, kina mwinamo wa digrii 15, cha rimu ya 16 kina mwinamo wa digrii 5, na mdomo wa tairi (ukingo wake wa ndani wenye waya) hauwezi kukaa. Anayejaza upepo akingoja mlio wa tairi kukaa huongeza tu shinikizo hadi waya wa mdomo ukatike, na tairi hulipuka usoni pake. Watu wamekufa hivi. Soma namba iliyogongwa kwenye rimu kabla ya kugusa kompresa. Isiposomeka, rimu hiyo isivishwe tairi. Hali kadhalika rimu zilizoungwa kwa pete ya kufungia: ziache kwa fundi mwenye kizimba cha kujazia upepo.

Nati zinalegea, au kuna mlio wa kugonga kwenye gurudumu

Simama. Hii si dalili ya kufika nayo nyumbani kwanza.

Sababu iliyo mbele ya nyingine zote ni nati zisizolingana na kikalio cha rimu. Kuna nati za pembe zenye mwinamo wa digrii 60, kuna za mviringo kama nusu ya mpira, na kuna za wosha bapa zenye shingo inayozama tunduni, ambazo rimu nyingi za aloi za Toyota huzitumia. Nati ya wosha bapa kwenye tundu la pembe inagusa ukingo mwembamba tu. Inakaza vizuri siku ya kwanza, inakula aloi kidogo kidogo, na baada ya kilomita chache inacheza. Mtu anapohama kutoka rimu za chuma kwenda za aloi, nati za zamani mara nyingi haziendi.

Kinachofuata ni nyuzi za bolti na nati. Toyota hutumia M12x1.5 (unene wa milimita 12, milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi), Nissan M12x1.25. Nati ya moja kwenye bolti ya nyingine huingia mizunguko miwili mitatu kisha hukwama, na wapo wanaoisukuma kwa mashine ya upepo. Nati sahihi hushuka kwa vidole hadi chini. Baadhi ya pikapu za zamani za Dodge zina nyuzi za kushoto upande wa kushoto wa gari, na bolti zake zina herufi L. Kabla ya kuongeza urefu wa bomba kwenye spana, tazama herufi hiyo.

Tatu, bolti fupi. Aloi ni nene kuliko chuma, na spesa hula urefu zaidi. Kanuni ni kwamba nyuzi zinazoshika zisipungue unene wa bolti. Kwa M12x1.5 ni mizunguko 8 kamili. Kwa bolti ya nusu inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi ni mizunguko 10. Ihesabu unapofungua. Haifiki? Bolti ndefu zaidi, au toa spesa.

Kaza kwa mpangilio wa nyota, gurudumu likiwa limegusa chini kidogo, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Fuata kitabu cha gari. Bolti za M12 za pikapu nyingi huhitaji kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 100 na 120. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Bolti moja ikishakatika, badilisha zote za gurudumu hilo, maana zilizobaki zilikuwa zinabeba mzigo wake. Tundu la rimu likiwa limegeuka yai, rimu hiyo imekwisha; kuijazia kwa kuchomelea hakuirudishi.

Gari linatetemeka

Tetemeko linaloanza karibu kilomita 80 kwa saa na kupungua ukizidi 110 kwa kawaida ni balansi. Likisikika kwenye usukani ni magurudumu ya mbele, likisikika kwenye kiti ni ya nyuma. Matairi ya matope yenye meno makubwa yanahitaji risasi nyingi, na balansi yake haidumu. Irudiwe kila baada ya kilomita elfu kadhaa.

Balansi ikiwa safi kwenye mashine lakini gari bado linatetemeka, rimu haikai katikati ya habu. Mashine hulishika gurudumu kwa tundu la katikati. Gari linalishika kwa nati tu. Tofauti hiyo huondolewa kwa pete za kujazia nafasi, zenye kipenyo cha ndani cha habu na cha nje cha rimu, kwa mfano 67.1 ndani na 106.1 nje. Pete haibebi mzigo, kazi yake ni kuweka rimu katikati wakati unakaza.

Isipokuwa hizo, pandisha gari kwenye stendi, weka kipande cha mbao karibu na ukingo wa rimu na zungusha. Rimu ikicheza zaidi ya milimita moja na nusu hivi, imepinda. Rimu ikiwa sawa na tairi ndilo linalopanda na kushuka, kosa liko kwenye tairi. Shika gurudumu juu na chini, tikisa: likicheza ni beringi au boljointi (kiungo cha mpira kinachoshika gurudumu la mbele). Tikisa kushoto na kulia: likicheza ni tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Tairi kubwa halikuziharibu sehemu hizi kwa wiki moja. Zilikuwa zimechoka, na uzito mpya umezifichua.

Tetemeko la aina nyingine kabisa ni lile la pikapu zenye ekseli nzima ya mbele: unagonga shimo kwenye mwendo wa kati, usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu, na hauachi hadi usimame. Angalia bushi za fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni, beringi za kingpini, na tairodi, kwa mpangilio huo. Kufunga shokapu ya usukani hufunika dalili na kuacha ugonjwa. Gari lenye tetemeko hilo livutwe hadi kwa fundi.

Matairi yanasugua

Hapa swali la kwanza ni: yanasugua wakati gani? Paka chaki mabega ya tairi, endesha polepole kiwanjani, kisha tazama palipofutika.

Yakisugua ukikata kona hadi mwisho, ni ET na upana wa rimu. Piga hesabu. Umetoa 16x7 ya ET30 ukaweka 16x8 ya ET0. Inchi moja ya upana imegawanyika milimita 12.7 kila upande, na ET imesogeza gurudumu nje milimita 30. Ukingo wa nje umetoka 42.7, ukingo wa ndani umejitenga na chasisi kwa 17.3. Ndiyo maana rimu hizi husugua pembe ya bampa na nyuma ya madigadi, si chasisi. Kuinua gari hakutibu msuguano huu kama wengi wanavyotarajia, kwa sababu tatizo ni la pembeni, si la juu. Tiba ni ET iliyo karibu na ya awali. Kugusa kidogo tu, sogeza mpira wa kuzuia matope au rekebisha bolti za kuzuia mwisho wa kona, ukijua kwamba gari litahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka.

Yakisugua kwenye matuta au ukipakia mzigo, ni kimo cha tairi au springi zilizolegea. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, gari likiwa tupu. Tofauti ya zaidi ya sentimita 2 inaonyesha springi imelala. Tengeneza springi kwanza, ndipo uamue kama tairi ni kubwa mno.

Yakisugua ndani, kwenye springi za bapa au chasisi, tairi ni pana kuliko ET inavyoruhusu. Hili hukata ubavu taratibu bila kelele, kwa hiyo lala chini utazame.

Ukiona alama yoyote ya msuguano kwenye bomba la mpira la breki, usiliendeshe gari hadi bomba libadilishwe na nafasi ipatikane. Kagua usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili, na magurudumu yakining'inia hewani pia.

Gari limekuwa zito, mafuta yanaisha, spidomita hailingani

Tuseme pikapu ilikuwa na 225/75R15, kimo milimita 718.5, sasa ina 31x10.50R15 yenye 787. Tairi limekua kwa asilimia 9.5. Spidomita ikisoma 100, unakwenda karibu 109.5. Difu (gia za ekseli) yenye uwiano wa 4.10 sasa inavuta kama ya 3.74. Na mita ya kilomita inahesabu pungufu: ukibadilisha oili kila 5,000 kwenye mita, umeshakwenda 5,477. Rekebisha hesabu hiyo kabla ya kulalamikia mafuta, maana sehemu ya ulaji inaweza kuwa ni kilomita zisizohesabiwa.

Spidomita ya kebo hurekebishwa kwa kubadilisha gia ndogo ya plastiki iliyo mwisho wa kebo kwenye giaboksi. Gia hiyo ikiwa na meno 20, gawa kwa 1.095, unahitaji ya 18. Kazi ya nusu saa.

Uzito wa gari ni habari nyingine. Kwanza hakikisha breki hazishiki na upepo uko sawa. Kama ni uwiano, 4.10 mara 1.095 ni 4.49, na gia ya karibu inayopatikana kwa difu nyingi ni 4.56. Kwenye 4x4 difu zote mbili zibadilishwe kwa uwiano uleule. Kosa hapo huvunja gia mara ya kwanza unapoingiza 4x4. Kupanga difu kunahitaji saa ya kupimia na shimu sahihi (vipande vyembamba vya kujazia nafasi), mpe fundi mwenye vifaa hivyo.

Kuhusu 4x4 zisizo na difu ya katikati: matairi manne yawe na kimo kimoja, na la akiba pia. Gia ya 4x4 ikikataa kutoka baada ya kutembea lami, pima mzingo wa kila tairi kwa utepe kabla ya kufungua chochote.

Tairi kubwa linaipa barabara wenzo mrefu zaidi dhidi ya breki. Breki za drami zilizokuwa zinatosha kwa shida hazitatosha tena. Kama pedali inahitaji nguvu zaidi kuliko zamani au gari linasimama mbali zaidi, breki zipimwe kabla ya kupakia mzigo.

Linavuta upande mmoja, linatangatanga, usukani mzito

Sawazisha upepo kwanza. Kisha badilishana matairi ya mbele, kushoto kwenda kulia, kama hayana mshale wa mwelekeo. Gari likihamia kuvuta upande wa pili, tairi ndilo lenye kosa. Lisipohama, peleka wili alaimenti. Kila kuinua gari au kubadilisha springi za mbele kunadai alaimenti mpya. Usichanganye radiali na mshazari kwenye ekseli moja hata kidogo. Usukani mzito kwenye gari lisilo na pampu ya usukani mara nyingi ni upana wa tairi pamoja na rimu iliyotoka nje, na hakuna marekebisho yatakayolifanya 31x10.50 liwe jepesi kama 225. Tairi jembamba na refu kama 235/85R16 hukupa kimo bila adhabu hiyo.

Yanaisha vibaya au yanapoteza upepo

Meno yakiisha katikati, upepo umezidi au rimu ni nyembamba. 31x10.50R15 inahitaji rimu ya inchi 7 hadi 9, ilhali pikapu ndogo nyingi zilitoka kiwandani na rimu ya 5.5 au 6, ambayo hulibana tairi likavimba katikati. 265/70R16 pia inataka 7 hadi 9. 235/85R16 inataka 6 hadi 7.5. Yakiisha mabega yote mawili, upepo ni mdogo. Bega moja, ni alaimenti.

Namba kubwa ya upepo iliyoandikwa ubavuni ni ya mzigo wa juu kabisa, si ya kila siku. Tairi la daraja E la mzigo huandikwa psi 80 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Pikapu tupu yenye psi 80 hurukaruka na kupoteza mshiko. Chora mstari wa chaki kuvuka meno, endesha mita mia kadhaa kwenye lami iliyonyooka: chaki ikifutika katikati tu, punguza psi 2 au 3, urudie, bila kushuka chini ya kiasi ambacho jedwali la mtengenezaji wa tairi linataka kwa mzigo wako.

Upepo ukipungua taratibu, paka maji ya sabuni kwenye valvu, kisha mdomo wa tairi. Valvu za kawaida za mpira zimeundwa kwa psi 65, hivyo anayejaza 80 aweke za chuma. Kwenye rimu za zamani za chuma, kutu ya kitako ndiyo huvujisha. Isugue hadi laini. Rimu zilizotengenezwa kwa tyubu mara nyingi hazina tuta dogo la kuzuia mdomo usiteleze, na tairi lisilo na tyubu linaweza kuchomoka kwenye kona.

Soma pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni, zinazotaja tarehe ya kutengenezwa: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Lililopita miaka 10 litolewe, hata kama meno yamejaa. Na ubavu ukitoa uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika. Punguza mwendo, weka la akiba hapohapo, na tairi hilo lisirudi barabarani.